Namna ya Kudai Huduma Unayostahili Mgahawani Bila Kuuharibu Mlo Wako

Kwa miaka miwili nilikaa nyuma ya kaunta ya mgahawa mmoja wa Dar es Salaam nikiwa keshia, na kabla na baada ya hapo nimekuwa mteja kama wateja wengine. Nikiwa upande ule wa kaunta niliona jambo ambalo aliyekaa mezani halioni kwa urahisi: malalamiko mengi yanayolipuka wakati wa bili huwa yamepandwa mapema, wakati wa kuagiza, na mengi yangezuilika kwa swali moja la sekunde kumi. Mengine hayazuiliki, lakini humalizika upesi yakipelekwa kwa mtu mwenye uwezo wa kuyamaliza, yakiwa na ombi linaloeleweka. Mwongozo huu unahusu mambo hayo mawili, na nimeuandika nikiifikiria migahawa na baa za Tanzania, kuanzia pale panapouzwa chipsi kuku hadi kule kunakotandikwa vitambaa mezani.

Fahamu kwanza nani anakuuzia nini

Katika baa nyingi za mitaani, kaunta ya vinywaji ni ya mwenye baa, lakini jiko amekodishiwa mtu mwingine ambaye analipa kodi yake na kuwalipa wapishi wake, na mchoma nyama wa pale pembeni naye anaweza kuwa anajitegemea kabisa. Mhudumu anayekuletea soda na mishkaki kwenye sinia moja anazihudumia biashara mbili au tatu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana unaletewa bili mbili, au unaambiwa ulipie nyama kwanza kabla haijachomwa, na ndiyo maana meneja wa baa anashindwa kukurudishia fedha ya chipsi zilizolowa mafuta, kwa sababu fedha hiyo haikuingia kwake. Unapofika mahali usipopazoea, uliza tu, “Jiko ni la hapahapa au ni la mtu mwingine?” Jibu litakuonyesha pa kwenda mambo yakiharibika, na litakuepusha na kugombana na mtu asiyeweza kukusaidia.

Jambo la pili linawahusu wahudumu wenyewe. Katika baa za namna hiyo, mara nyingi mhudumu hukabidhiwa fedha mwanzoni mwa zamu, akanunua kinywaji kaunta kwa fedha hiyo, kisha yeye ndiye anayekudai wewe. Mteja akiondoka bila kulipa, pengo linabaki kwa mhudumu, naye hukatwa. Kwa hiyo dada anapokuomba ulipe palepale soda inapofunguliwa, hajakudharau wala hajakuona tapeli. Anajilinda na hasara ambayo pengine aliipata wiki iliyopita. Mteja anayelifahamu hili hupunguza hasira zake kwa nusu kabla hata hajaketi.

Chakula kilicho tayari na chakula kinachoanza motoni

Kero kubwa kuliko zote, kwa niliyoyaona, ni kusubiri. Mteja anafungua menyu yenye kurasa nane, anachagua kwa makini, na mhudumu anamjibu, “Hicho kimeisha.” Anachagua cha pili, nacho hakipo. Anapofika cha tatu amekwishakasirika, na chakula hakijaanza kupikwa. Menyu ya namna hiyo huwa ilichapishwa siku ya ufunguzi, na tangu hapo jiko limekuwa likipika kinachotoka. Usianze na menyu. Anza na mhudumu, umuulize, “Leo kipi kiko tayari, na kipi kinapikwa kwa oda?”

Swali hilo lina uzito kwa sababu vyakula vya mgahawani haviendi kwa mwendo mmoja. Wali, maharage, pilau, mchuzi na ndizi nyama kwa kawaida vimeshapikwa vinasubiri kupakuliwa, na ukiviagiza saa saba mchana unapaswa kuvipata ndani ya dakika kumi. Chipsi na kuku wa kukaanga hutegemea kama kikaango kiko moto na una wateja wangapi mbele yako. Samaki mzima wa kuchoma na kuku wa kienyeji ni safari nyingine kabisa, hasa ikiwa samaki ametoka kwenye friza akiwa jiwe. Mtu mwenye nusu saa ya mapumziko ya kazini anayeagiza samaki wa kuchoma anatafuta ugomvi, japo haki yake ya kuambiwa ukweli kuhusu muda iko palepale. Na biriani ya Ijumaa, anayeifuata saa tisa alasiri ajue anakwenda kujaribu bahati.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Jioni moja nilikaa katika mgahawa wa ufukweni nikaagiza changu wa kuchoma na ugali. Mhudumu, kijana mchangamfu, aliniambia dakika ishirini na tano. Dakika arobaini zilipopita nikamuuliza, “Kaka, bado?” Akanijibu, “Inakuja, mkubwa.” Dakika kumi na tano baadaye nikarudia swali lilelile na nikapata jibu lilelile, na hapo nikajicheka, maana mimi mwenyewe niliwahi kuwajibu wateja hivyohivyo mara mia. Nikainuka, nikaenda taratibu hadi kwenye dirisha la jiko. Karatasi ya oda yangu ilikuwa pale kaunta, imelowa maji, imeganda chini ya sinia la glasi. Mpishi alikuwa hajawahi kuiona. Changu wangu alikuwa bado yumo ndani ya friza, amelala juu ya mfuko wa barafu.

Kosa langu lilikuwa swali. Neno “bado” halimlazimishi mhudumu kwenda popote, kwa kuwa anaweza kulijibu akiwa amesimama mezani kwako. Dakika kumi baada ya kuagiza, uliza jambo ambalo jibu lake liko jikoni: “Oda yangu imeshaingia jikoni? Samaki ameshawekwa motoni?” Ili akujibu, itambidi aende akaangalie, na kama karatasi imepotea, itaonekana ikiwa imechelewa kwa dakika kumi badala ya saa nzima. Ukiambiwa samaki bado hajawekwa, hapo ndipo unapoweza kubadilisha oda au kuiondoa bila kumwonea mtu, kwa sababu hakuna kilichopikwa.

Kabla mhudumu hajaondoka mezani, mwombe pia akurudie oda yako, hasa asipoandika. Wapo wahudumu wenye kumbukumbu ya ajabu, lakini meza ya watu sita wanaobadilishabadilisha mawazo humshinda hata hodari. Kama mnakula kundi na kila mtu atajilipia, mwambieni hapohapo mwanzoni. Kuitenganisha bili ya watu sita saa nne usiku, wakati mmoja wao ameshaondoka na mwingine hakumbuki alikunywa soda ngapi, ni kazi niliyoichukia kuliko zote pale kaunta.

Bei isiyoandikwa

Samaki huuzwa kwa ukubwa, na nyama ya kuchoma huuzwa kwa kilo. Hapa ndipo wageni na wenyeji wanapojikuta wakilipa wasichokitarajia. Ukiambiwa samaki “inategemea,” omba uletewe samaki wenyewe kwenye sinia, uchague mmoja, na bei itamkwe ukiwa unamwangalia samaki huyo. Baada ya kuchomwa hakuna tena majadiliano, kwa kuwa muuzaji hana pa kumpeleka.

Kuhusu nyama, kilo moja inayouzwa ni kilo ya nyama mbichi. Moto hukausha maji na kuyeyusha mafuta, kwa hiyo itakayofika mezani itakuwa pungufu kwa kiasi kinachoonekana wazi, na mifupa imo humohumo. Huo si wizi. Wizi ni pale kilo inapokuwa pungufu tangu mwanzo, au nusu ya nyama yako inapohamia kwenye sinia la mtu mwingine. Simama karibu na mizani nyama inapopimwa, hakikisha mshale au namba inasoma sifuri kabla haijawekwa, na angalia kama mizani ina alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Kisha ikumbuke nyama yako kwa kitu kimoja, kwa mfano mbavu ngapi au mfupa wa namna gani. Wachoma nyama hawachukizwi na mteja wa aina hii. Hata akiombwa aweke kijiti cha alama, mchomaji mzoefu huweka bila neno.

Ikiwa kuna kitu usichoweza kula, usitosheke na “bila hiki” pekee, bali eleza sababu. Kwa mpishi, “bila karanga” ni suala la ladha, ilhali “karanga zinanifanya nivimbe koo” ni suala la kukupeleka hospitali, na atakumbuka kuibadilisha sufuria. Kwa Mwislamu, swali lililo muhimu zaidi huenda likawa la mafuta kuliko la nyama: pale panapokaangwa kitimoto, uliza kama chipsi zina kikaango chake. Asiyekula nyama naye aulizie supu iliyotumika kwenye mboga, kwa maana mboga ya majani iliyoungwa kwa supu ya ng’ombe huitwa mboga vilevile.

Chakula kikifika sicho

Onja, usile. Vijiko viwili vinatosha kujua kwamba wali umeungua au kuku ni mbichi karibu na mfupa. Mteja aliyemaliza robo tatu ya sahani kisha akadai kuwa chakula kilikuwa kibaya anamweka meneja mahali pagumu, na mara nyingi atarudi nyumbani na hasira yake pamoja na bili kamili.

Muite mhudumu bila kupiga makofi, bila kumzomea, na bila kile kisauti cha “pssst” ambacho sijui tulikitoa wapi. “Dada” na “kaka” zinatosha, na kama anayekuhudumia ni mtu mzima, “mama” au “baba” hukupunguzia kazi kubwa. Kisha sema mambo matatu kwa mpangilio: ulichoagiza, kilichokuja, na unachotaka kifanyike. Kwa mfano: “Samahani dada, niliagiza kuku bila pilipili, na huyu amepakwa pilipili. Naomba nibadilishiwe. Kama itachukua zaidi ya robo saa, naomba aondolewe kwenye bili, nichukue wali maharage.” Sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika. Wateja wengi hueleza kosa kwa ufasaha mkubwa, wakalirudia, wakaligeuza likawa hotuba juu ya kushuka kwa maadili ya kazi nchini, na mwishoni mhudumu bado hajui kama abadilishe, apashe moto, apunguze bei au aombe msamaha tu. Mtu asiyejua anachoombwa husimama na kutabasamu, na tabasamu hilo humchoma mteja kuliko pilipili yenyewe.

Wapo wanaoogopa kurudisha chakula kwa kudhani kwamba mpishi ataliweka jambo moyoni na kulipiza ndani ya sahani. Katika miaka yangu miwili sikuona mpishi akichezea chakula cha mteja. Nilichokiona mara nyingi ni kuku yuleyule akifutwa pilipili kwa kitambaa, akarudishwa kwenye mafuta, akatoka amekauka kama kuni. Kwa hiyo, kama unataka kingine na si kilekile kilichorekebishwa, kitamke hivyo. Chakula kilichopoa kinaweza kupashwa moto bila tatizo, na kuku mbichi anaweza kurudi motoni. Ukikuta unywele, nzi au kipande cha chupa, hapo hakuna kurekebisha: ni sahani mpya kutoka sufuria, au fedha haitozwi.

Usiku wa watu wengi, mtazame pia anayekuhudumia. Mhudumu mmoja aliyepewa meza kumi na mbili hawezi kuwa mwepesi hata angekuwa na mbawa, na kumfokea hakutaongeza mhudumu wa pili. Malalamiko ya aina hiyo ni ya msimamizi wa zamu, kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga meza.

Bili, chenji na risiti

Isome bili kabla hujatoa fedha, na uisome kutoka juu hadi chini, si jumla peke yake. Makosa niliyoyakuta zaidi hayakuwa ya ujanja. Yalikuwa ni oda iliyofutwa jikoni lakini ikabaki kwenye karatasi, au kinywaji cha meza ya jirani. Kwenye baa, waombe wasiondoe chupa tupu mezani hadi mtakapolipa, kwa sababu chupa ni shahidi asiyelewa.

Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wote tunaiita VAT, ina kiwango cha kawaida cha 18% Tanzania Bara. Mahali pengi bei ya menyu imeshaijumlisha. Kwingine huandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa kwamba kodi itaongezwa. Tofauti yake si ndogo. Mlo wa shilingi 11,800 ambao kodi imo ndani yake una shilingi 10,000 za chakula na 1,800 za kodi, lakini kodi ikiongezwa juu ya 11,800 utalipa 13,924. Uliza kabla. Na kama bili ina mstari wa tozo ya huduma, fahamu kwamba huduma umeshailipia, hivyo bakshishi juu yake ni hiari yako tu. Ukitaka kumshukuru mhudumu, mpe mkononi, maana kinachowekwa kwenye kikopo cha kaunta hugawanywa kwa utaratibu ambao huujui.

Karatasi ya bili si risiti. Risiti ni ile inayotoka kwenye mashine ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, na Mamlaka ya Mapato Tanzania imelirudia neno lake kwa miaka mingi hadi watoto wanalijua: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Sheria humwajibisha hata mnunuzi asiyeidai. Mbali na kodi, risiti ndiyo uthibitisho wako pekee kwamba ulikula pale siku ile, na bila hiyo malalamiko yoyote ya baadaye yanabaki kuwa maneno.

Unapolipa kwa simu, tumia Lipa Namba ya biashara na usome jina linalojitokeza kabla hujaingiza namba ya siri. Ukiambiwa utume kwenye namba binafsi ya mhudumu kwa sababu “ile ya ofisi inasumbua,” lipa taslimu, au nenda kaunta ukamalizane na keshia uso kwa uso. Nimeshuhudia mteja akidaiwa mara ya pili kwa bili aliyoilipa, kwa kuwa kijana aliyepokea fedha alikuwa amemaliza zamu na simu yake imezimwa.

Na ile chenji isiyorudi? Taja noti unayotoa na kiasi unachosubiri kwa sauti ya kawaida: “Hii elfu kumi, bili elfu sita na mia tano, nasubiri elfu tatu na mia tano.” Kauli hiyo moja hufuta ule mchezo wa mhudumu kusubiri uone aibu na wewe kusubiri aone haya.

Kwenda juu zaidi

Mhudumu akishindwa, omba kuonana na msimamizi wa zamu, kisha meneja. Waombe kando ya meza, si mbele ya wateja wote, kwa sababu meneja anayetazamwa na ukumbi mzima huanza kutetea heshima yake badala ya kusikiliza. Omba kitu kinachopimika: kuondolewa kwa mlo mmoja kwenye bili, au kupikiwa mwingine. “Fidia” bila kiasi haimpi meneja pa kuanzia.

Ukiumwa tumbo baada ya kula, nenda kwanza kituo cha afya na umweleze daktari ulichokula na saa ulipokila. Kisha mwarifu afisa afya wa kata au manispaa, ambaye ana mamlaka ya kukagua jiko. Usalama wa chakula kwa ujumla uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu 2019, lakini afisa afya ndiye aliye karibu nawe. Mizani yenye shaka ni ya Wakala wa Vipimo, na bei au tangazo la udanganyifu ni la Tume ya Ushindani. Ukiamua kuandika mtandaoni, andika ulichokiona, tarehe na saa, uishie hapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa taarifa za uongo, na “wanapika paka” ni maneno rahisi kuyaandika na magumu kuyathibitisha.

Limebaki moja, nalo ni la kufungashiwa. Omba chakula kifungwe ukiwa unaona, fungua mfuko kabla hujatoka mlangoni, na uhesabu: chipsi, kuku, kachumbari, pilipili kwenye kile kifuko kidogo, vijiti vya meno. Dereva wa bodaboda akishawasha pikipiki, kipande cha kuku kilichosahaulika jikoni huwa kimeshapata mwenyewe.